Kauri Chini ya Draya

Watu wengi niliokua nao hawajui kauri ni nini. Wanajua kuivaa, wanajua kuishona kwenye mshipi, wanajua kubishana bei na wauza vinyago kule mjini, lakini ukiwauliza imetoka wapi watakuambia ni jiwe la baharini. Wengine watasema ni mfupa. Mimi mwenyewe, hadi kidato cha pili, nilidhani ni mbegu ya mti fulani wa Pwani. Si jiwe, si mfupa, si mbegu. Ni konokono. Ni kiumbe mwenye mdomo na tumbo, anakula, ananya, na akifa ananuka. Naanza na hilo kwa sababu kuna wiki moja nusura nimrudishe mtoto wangu kwa mwanamke aliyekuwa akiwalewesha watoto dawa, eti kwa kuwa saluni nzima ya watu wazima, mimi nikiwemo, ilisahau jambo hilo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, cheti kizuri, kilichokaa ndani ya Biblia bila kazi. Baba ya mtoto alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini. Nilipomwambia nina mimba alisema atafikiria. Nadhani mpaka leo anafikiria.

Nilipanga chumba Kangemi, na kwenye ploti yetu kila mtu alimjua mama mmoja aliyekuwa akiweka watoto wa wenye kazi. Nilimpelekea wangu mara moja. Jioni nilipomfuata niliwakuta wote wamelazwa kitandani kwa upana, kama mikate dukani, jua bado linawaka nje na hakuna hata mmoja anayelia. Watoto wote hao, kimya. Niliinua mkono wa binti yangu, nikauachilia, ukaanguka. Mezani kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi na kijiko kinachonata.

"Si nimewapatia kidogo tu watulie," yule mama akasema. "Hata wewe ungechoka."

Nilimbeba mtoto wangu nikaondoka, na jioni ile yote nilikuwa nikimfinya kidole cha mguu kuona kama atastuka. Hapo ndipo nilipoapa. Nitakakokwenda, naye anakwenda. Atakayemkataa yeye amenikataa mimi.

Walinikataa wengi. Aliyenikubali ni mwenye saluni moja pale Kenyatta Market, mama mnene mwenye sauti kubwa na mikono miepesi. Sote tulimwita Madam. Nilikuwa najua kusuka tangu utotoni. Alinipa kichwa kimoja cha majaribio, akatazama mistari, akasema, "Mkono iko. Na hiyo mtoto je?"

"Halii," nikamdanganya.

"Weka yeye huko nyuma, kwa pipa ya maji. Mteja akilalamika, mimi sitakutetea."

Sikumwonea ubaya kwa hilo. Alikuwa ameniambia mapema. Binti yangu akapata makao: katoni ya sabuni, blanketi ndani, nyuma ya pazia, kati ya pipa la maji na ukuta. Alikuwa na miezi michache tu, bado hajakaa. Nikisuka, niliweza kuona kisigino chake kwenye uwazi wa pazia. Kisigino kikitikisika, yuko sawa. Kisigino kikitulia, amelala. Niliishi kwa kutazama kisigino kile.

Kama hujafika Kenyatta Market, saluni na vibanda vya nyama choma vimekaa bega kwa bega pale. Unasukwa huku moshi wa mbavu za mbuzi unakuingia kichwani, na ukienda nyumbani na rasta zako, paka wa jirani wanakufuata. Mchoma nyama wa kibanda kilichopakana nasi alikuwa mtu wa mzaha, aproni yake nyekundu kwa damu, na kila asubuhi alitoa kichwa dirishani: "Warembo, niaje? Leo namuoa nani?" Tulikuwa tunamjibu, "Osha kwanza hiyo aproni."

Basi akaja bibi harusi. Msichana wa Woodley, mfanyakazi wa benki, mpole. Aliandamana na shangazi yake ambaye hakuwa mpole hata kidogo. Msichana alitaka rasta ndefu nyembamba na kauri kwenye ncha, kama alivyoona kwenye jarida fulani. Wasimamizi wake nao vilevile. Kauri tulikuwa tumezoea kuzishona, lakini zile tulizonunua kwa wauza vinyago zilikuwa zimezeeka, zimefifia kama meno ya mvuta sigara. Shangazi alizigeuzageuza kiganjani akazirudisha mezani.

"Hizi ni za kuzikia mtu. Sisi tuna harusi."

"Nitawatafutia mpya," Madam akasema. "Zitang'aa mpaka mjione sura ndani yake."

Kaka yake Madam alikuwa dereva wa lori la masafa ya Mombasa. Madam akamtuma, na mwanzo wa wiki ile ya harusi kauri zikafika, mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani. Alimwambia amezinunua ufukweni kwa watu waliotoka tu kuziokota miambani maji yalipokupwa. Madam alifungua mfuko kidogo, akatuonyesha. Sijawahi kuona kitu kidogo kikang'aa namna ile. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa ncha ya kidole gumba, nyeupe ya maziwa yenye ukijivujivu, na mgongoni mstari wa dhahabu umezunguka kama pete. Ilikuwa kama mtu amezipaka vanishi asubuhi ile.

"Hakuna mtu anagusa," Madam akasema, akaufunga mfuko akakaza kamba. Alituogopa kwamba tutaiba. Alipozificha hatukuona, wala hatukuuliza.

Siku iliyofuata, Jumanne, saluni ikaanza kunuka.

Mara ya kwanza ilikuwa kama hewa tu, inakuja inapita. Tukalaumu mtaro. Kufika saa sita tukalaumu bucha. Mchoma nyama naye akatoa kichwa dirishani, mara hii bila mzaha.

"Madam, wateja yangu wananiuliza huyu mbuzi alikufa lini."

"Uliza mbuzi wako!"

"Mbuzi wangu ni wa leo! Hiyo kitu inatoka kwako, inapitia hapa kwa dirisha. Mtu ameagiza kilo mbili ameacha akaenda."

Bahati mbaya, shangazi wa bibi harusi alikuwa ndani, amekuja kuthibitisha siku ya kusukwa. Alikuwa ameziba pua kwa kitambaa chenye maua. Alizunguka saluni polepole kama mkaguzi wa shule, akanusa sinki, akanusa taulo, akafika kwenye pazia. Akalivuta. Akamtazama mwanangu kwenye katoni, naye mwanangu akamchekea, maskini, hajui adui wala rafiki.

"Si ndiyo hii?" shangazi akasema. "Mnaweka mtoto mchafu mahali pa kutengenezea watu nywele?"

Nilikuwa nashikilia kichwa cha mteja. Nikakiachilia. Nikaja, nikamwinua mtoto, nikafungua nepi mbele ya watu wote. Ilikuwa kavu. Nilikuwa nimembadilisha muda mfupi tu, nikamwosha kwa sabuni, nikampaka mafuta. Nilimnyooshea shangazi ile nepi.

"Nusa."

"Toa hiyo kitu hapa!"

"Umesema mtoto wangu ananuka. Nusa basi."

"Madam, huyu msichana wako hana adabu."

"Nusa, mama! Kama inanuka nitaondoka sasa hivi."

Hakunusa. Watu wa namna hiyo hawanusi, wanasema tu. Lakini ukweli ni kwamba pale nyuma ya pazia, kando ya katoni, harufu ilikuwa kali kuliko kwingine kote. Mimi mwenyewe niliisikia. Kwa dakika moja mbaya sana nilimtazama binti yangu nikajiuliza kama ana ugonjwa ndani. Hilo ndilo sijawasamehe. Walinifanya nimnuse mtoto wangu kwa mashaka.

Shangazi alipoondoka, Madam hakunitazama machoni. Alikuwa akikunja taulo ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

"Hiyo familia ni kazi ya wiki nzima," akasema. "Kesho usikuje na yeye."

"Nimpeleke wapi?"

"Kwani huko Kangemi watoto wanakaa wapi?"

"Madam, unajua nilivyomkuta kwa yule mama. Nilikuambia."

"Nilikuambia pia. Mteja akilalamika. Ukikuja na yeye kesho, basi usikuje."

Mwenzangu wa kiti cha pili, msichana wa Kawangware mwenye mdomo mrefu na roho nzuri, alinisindikiza hadi kituoni. "Manze, huyo mathe wa kitambaa, ningemfunga na hiyo nepi kama kilemba," akasema. Nikacheka. Halafu nikalia, na ile hasira ikapanda mpaka ikanikausha machozi.

Jirani yangu pale kwenye ploti alikuwa akiuza sukuma wiki sokoni Kangemi. Jumatano hakuwa na mzigo. Akasema atakaa na mtoto siku hiyo moja. Alhamisi lazima arudi sokoni. Kwa hiyo nilikuwa na Jumatano tu. Baada ya hapo ni chupa ya dawa ya kikohozi au ni njaa.

Niliingia saluni mikono mitupu, mgongo mwepesi kama umekatwa kitu. Na harufu ikanipokea mlangoni. Si ile ya jana. Ilikuwa imekua, imevaa viatu, inatembea.

Nilisimama katikati ya saluni. Nikasema, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga:

"Madam, mtoto wangu yuko wapi?"

"Si umemwacha nyumbani?"

"Nimemwacha. Sasa nani ananuka?"

Wateja wawili waliokuwepo wakatazamana. Msichana wa Kawangware akapiga kofi moja, pa! Madam akalitazama pazia.

"Itakuwa imebaki kwa blanketi," akasema.

Blanketi nilikuwa nimekwenda nalo. Nilimwambia hivyo. Halafu nikaanza kutafuta. Sikusuka, sikuomba ruhusa. Nilifuata pua yangu. Nyuma ya pazia, kando ya pipa la maji, pale pale katoni ilipokaa, kulikuwa na duara la unyevu sakafuni, na nzi. Hapakuwa na kitu kingine. Kitu kilichokuwa pale kilikuwa kimehamishwa. Nikarudi mbele. Harufu ilikuwa inatoka sasa kwenye kona ya draya, ile ya kukalia yenye kofia kubwa kama ya mwanaanga. Ilikuwa inawaka, inanguruma. Na kitini hapakuwa na mteja. Palikuwa na beseni, limefunikwa kwa taulo.

Nikafunua.

Kauri zote zilikuwa mle, zimepangwa kama karanga za kukaangwa, upepo moto wa draya unazipuliza. Na kutoka kwenye ule mdomo mwembamba wa kila moja, kitu cha kijivu, laini, kilikuwa kimeanza kutoka.

Mteja mmoja alikimbia na rola kichwani. Mchoma nyama alitoa kichwa dirishani, akaona, akasema, "Hiyo ni nini, Madam, mnachoma nini huko? Biashara ya kuchoma ni yangu!"

"Ni kauri tu!" Madam alikuwa anapiga kelele. "Zilikuwa na maji, nimezikausha! Kauri haiwezi kunuka. Kauri ni jiwe!"

Na hapo ndipo darasa la Biolojia likanirudia. Chati ukutani, mchoro wa konokono uliokatwa katikati, mishale, mwalimu akipiga kwa fimbo: mguu, tumbo, gamba. Gamba si kitu anachookota akaingia. Gamba analitengeneza mwenyewe. Niliishika moja ya kauri zile, nikaigeuza, nikaona yale meno madogo ya mdomo na mwenye meno akioza katikati yake.

"Ni konokono," nikasema. "Madam, ulikuwa na mfuko wa konokono. Walikuja hai. Ukawafunga kwenye plastiki, ukawaficha karibu na kichwa cha mtoto wangu, wakafa hapo. Sasa unawapikia draya."

Madam alikaa kwenye kiti cha kuoshea. Nilitazama uso wake ukibadilika. Jambo moja nitampa: hakubisha tena. Aliweka mkono kifuani akasema polepole, "Na jana nilimtazama huyo mtoto nikaona ni yeye."

Kisha akakumbuka harusi. "Ijumaa! Nitawaambia nini? Nimeshachukua hiyo kazi!"

Maziwa yalikuwa yamenijaa, blauzi imelowa mbele, natamani mwanangu kama mtu anavyotamani maji. Nikamwambia nitazisafisha mimi. Nitawatoa konokono wote na kauri zitabaki kung'aa. Lakini kesho nakuja na mtoto. Na si nyuma ya pipa tena. "Na Ijumaa," nikasema, "shangazi akiwa hapa, na huyu wa nyama akiwa hapa, utasema kwa mdomo wako kwamba haikuwa mtoto."

"Mbele ya wateja?"

"Ulimtuhumu mbele ya nani?"

Alilitazama beseni. "Sawa," akasema. "Lakini uzisafishe."

Nilikuwa nimeahidi kitu ambacho sikujua kukifanya. Chati ya Biolojia haikuwa na sehemu ya kuosha. Nikaenda mjini mbio, hadi nyuma ya msikiti mkubwa, kwa mama mmoja wa Kipwani aliyekuwa na duka dogo la leso, udi na shanga. Nilikuwa nimewahi kununua shanga kwake. Nilimwamkia shikamoo, nikafungua karatasi niliyofungia kauri moja.

Alirudisha kiti nyuma kwa nguvu. Kisha akacheka mpaka buibui likamteleza begani.

"Mwanangu! Hii ina mwenyewe ndani! Nani kakuuzia nyumba na mpangaji wake?"

"Ni bosi wangu, mama."

"Nyie watu wa bara, hamwogopi! Sisi huzifukia mchangani, tukazisahau, sisimizi na funza wakala, tukafukua zi safi. Harusi lini?"

"Nywele ni Ijumaa."

"Ijumaa hii? Basi fukia bosi." Akacheka tena peke yake. Lakini aliichukua ile kauri, hakujali uvundo, akapitisha kidole mgongoni, kwenye ile pete ya dhahabu. "Wajua kwa nini inang'aa hivi? Huyu mdudu akiwa hai hatoki tu mlangoni kama konokono wenu wa shambani. Huutoa mwili wake ukaifunika nyumba yote, kwa nje, huku na huku, ikakutana juu mgongoni. Aivaa nyumba kama mtoto aliyefungwa leso. Mchanga haumkwaruzi, chumvi haimli. Ndiyo ukaona uso wako. Akishakufa hakuna wa kuifunika tena. Ukiikosea mara moja, mng'ao umekwenda, haurudi."

"Nisiikoseeje?"

"Usiianike juani. Usiitie kitu kikali. Maji tu, na subira. Na ukimaliza, mafuta ya nazi."

Nilirudi Kenyatta Market nikirudia maneno hayo midomoni. Na nilipofika mlangoni nikasikia sauti ambayo kila aliyepita maabara ya shule anaijua: ssss. Madam alikuwa amekopa malimau kwa mchoma nyama. Yeye ni mpishi. Samaki akinuka unamtia limau. Alikuwa amekamulia bakuli zima, kauri kiasi zimeshatiwa, na zilikuwa zinatoa povu jembamba, zinachemka bila moto.

Nilipindua bakuli lile sakafuni. Madam akapiga yowe.

"Hiyo ni asidi!" nikamwambia. "Limau inakula gamba! Kemia ya shule, Madam, hata mimi niliyefeli majaribio yote ya Kemia najua!"

Zilizokuwa kwenye limau zilitoka nyeupe butu, kama chaki, pete imefutika. Zilizobaki kwenye beseni, Mungu ni mkubwa, zilitosha.

Alhamisi nilikuja na mtoto mgongoni, nimemfunga kwa leso mara mbili, na nikafanya kazi naye hapo hapo. Tulihamia nje, uani, kwa maombi ya mchoma nyama ambaye kwa mara ya kwanza alinisemesha kwa heshima: "Mama mtoto, tafadhali, upande wa upepo." Nilijaribu kuwavuta konokono kwa sindano ya kushonea nywele. Wanakatika. Nilijaribu mkia wa kitana. Unafika nusu, kwa maana ndani ya kauri kuna mzunguko, mwenyewe anajificha kwenye kona. Nikakasirika, nikaketi, nikaitazama saluni, nikijiuliza ni kifaa gani mle kinaweza kuingia pembamba. Na nikaiona. Ile chupa laini ya plastiki yenye pua ndefu nyembamba, tunayokamulia dawa ya kuosha nywele zilizonyooshwa, inayofika kwenye ngozi bila kumwagikia uso.

Tundu tulihitaji hata hivyo, la kupitishia uzi. Nilimwaga maji kwenye kizingiti cha saruji, nikaanza kusugua ncha ya kila kauri, nyuma, mwisho kabisa mahali pasipoonekana, mpaka tundu dogo likafunguka. Kisha pua ya chupa kwenye tundu, maji ya vuguvugu, kubana kwa nguvu zote. Na yule konokono akatoka kwa mbele, kwenye meno yake, mzima mzima, akaruka hatua moja.

"Wooooi!" Msichana wa Kawangware alishangilia kama mtu ameona bao. "Tena! Lenga huyo wa nyama!"

Tulifanya kazi siku ile mpaka vidole vyetu vikawa kama vya waliozama. Mimi nikisugua, yeye akikamua, Madam mwenyewe akisuuza kwa shampuu na kubadilisha maji, amefunga taulo usoni kama mtu anayekwenda kuiba. Binti yangu mgongoni alicheza na kola yangu, akalala, akaamka, nikakaa kizingitini nikamnyonyesha hadharani, na hakuna aliyethubutu kusema kitu. Jioni tulizitandaza kivulini juu ya gazeti. Asubuhi ya Ijumaa nilizipaka mafuta ya nazi moja moja. Nikaiweka moja puani. Ilinuka nazi. Nikaiweka puani mwa Madam. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Hakuna," akasema. "Kweli hakuna."

Bibi harusi alikaa kwenye kiti changu, si cha Madam. Alihitaji mikono yetu sote, lakini kauri nilizifunga mimi. Nilizigeuza pete zikatazama mbele, ili akitikisa kichwa dhahabu ile ndiyo ionekane kwanza. Zilipogongana zilitoa sauti ndogo ya vikombe vya kahawa. Msichana alijitazama kwenye kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia, akaweka mkono mdomoni. Mchoma nyama alikuwa dirishani, amevaa aproni safi, sijui kwa nini. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu na kitambaa chake cha maua, tayari kuziba, hapati cha kuzibia.

"Mmefanya kazi," akasema. "Na leo hakuna ile harufu. Mlimwondoa yule mtoto?"

Nilimtazama Madam. Alikuwa ameshika brashi. Aliiweka chini. Nilijua kwamba kama atameza mate akanyamaza, nitachukua mwanangu na kuondoka, hata kama ninaondoka kwenda kwenye njaa. Naye alijua.

"Mtoto yuko hapa," Madam akasema kwa ile sauti yake kubwa, soko zima likasikia. "Tangu jana yuko hapa. Haikuwa yeye. Ilikuwa ni mimi. Nilileta konokono bila kujua ni konokono, nikawaweka kando yake, wakaoza. Nilimsingizia mtoto wa watu. Na hizo kauri unazoziona kwa kichwa ya msichana wenu, huyu mama yake ndiye alizisafisha. Mimi ningeziharibu zote na malimau."

"Ni kweli," mchoma nyama akasema dirishani. "Malimau yalikuwa yangu, na sijarudishiwa."

Saluni ikacheka. Bibi harusi alicheka mpaka kauri zikalia. Shangazi hakucheka. Alitazama huku na huku, na hapo ndipo alipoiona katoni. Haikuwa nyuma ya pazia. Ilikuwa mbele, chini ya kioo kikubwa, mahali penye mwanga, na ndani yake binti yangu alikuwa ameshika mguu wake kwa mikono miwili, anautazama kama amepewa zawadi. Juu yake, mbali na mkono wake, nilikuwa nimening'iniza ile kauri moja iliyobaki, kwa uzi.

Shangazi aliinama. Nadhani alitaka kusema kitu kizuri, kwa sababu uso wake ulilegea kidogo. Lakini mimi sikuwa na haja ya kitu kizuri. Nilimwinua mtoto, nikamsogeza mpaka utosi wake ukawa chini ya pua ya mwanamke yule.

"Nusa," nikasema.

Akanusa. Kila mtu alikuwa anatazama, hakuwa na pa kwenda. Alinusa mara moja kwa haraka, halafu, bila kulazimishwa, akanusa tena.

"Ananukia maziwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Sema wasikie."

"Ananukia maziwa!"

Binti yangu sasa ni mtu mzima, ana mdomo kunishinda. Alitambaa mara ya kwanza kwenye sakafu ya saluni ile, akasimama kwa kushika mguu wa draya ile ile. Kauri bado ninayo. Pete yake haijafifia. Na katoni, kwa muda wote aliohitaji kulala ndani yake, haikurudi tena nyuma ya pipa. Ilikaa pale pale chini ya kioo, kwenye mwanga, katikati ya njia, na mteja aliyetaka kufika kwenye kiti chake alipita kando.